Moti Imepondwa Vibaya? Kabla Uitengeneze ama Uichinje, Piga Hesabu Hii

Ukipita barabara ya Webuye–Kitale jioni, hasa ile sehemu ya Lugulu, Misikhu, Kamukuywa hadi Kiminini, Probox ndiyo mfalme. Probox imebeba watu, Probox imebeba maziwa, Probox imebeba mahindi na kuku juu ya mahindi. Hapo hapo kuna trela ya miwa haina hata taa moja nyuma, lori ya mahindi inashuka kutoka Kitale, na nduthi zinakatiza venye zinataka. So haikushangazi ukipita gereji za jua kali kuona moti imekaa nje, pua imeingia ndani, kioo ni buibui, nyasi zinamea kwa rimu.

Cheki hizo nyasi vizuri. Mara nyingi hiyo moti haikukufa siku ya ajali. Ilikufa pole pole juu mwenyewe hakuamua. Alilipa fundi deposit, doo ikaisha katikati, injini ikatolewa "kidogo tu tuangalie," miezi sita ikapita. Sasa haiwezi kutembea, na pia haiwezi kuuzwa poa juu nusu ya vitu haziko. Na mkopo wa sacco bado unakatwa kila mwezi. Kama ng'ombe ya kukhu iliuzwa ndio hiyo gari inunuliwe, hiyo ni kesi ya familia nzima, si ya msee mmoja.

So leo tunaongea hiyo maneno: moti ikigongwa vibaya, unajuaje kama ni ya kutengeneza, ya kuuza venye iko, ama ya kuchinja, yaani kufungua na kuuza kipande kwa kipande?

Kitu ya kwanza: wacha kuuliza fundi "inaweza tengenezeka?" Hilo swali halina maana. Fundi mzuri atakwambia ndiyo, fundi mbaya atakwambia ndiyo haraka zaidi. Chuma yote inaweza kunyooshwa na kuchomelewa. Swali la ukweli ni hili: ikishatengenezwa itakuwa gari ya aina gani, na itakuwa imekula pesa ngapi mpaka hapo?

Jibu linapatikana kwa vitu tatu, na mpangilio ni muhimu: mifupa, hesabu, makaratasi.

KWANZA: MASAA YA MWANZO

Kabla ya yote, hakikisha watu wako sawa. Gari inangoja, mtu hangoji.

Halafu toa simu upige picha. Nje pande zote nne, ndani, chini ya boneti, dashibodi ikionyesha kilomita, tairi, betri, redio, spea tairi. Gari ikivutwa kwenda yadi yoyote, kuna vitu hupenda kupata miguu. Picha iko na tarehe, na tarehe haibishani na mtu.

Usiwashe injini "kusikia kama iko sawa." Kama rejeta imepasuka ama oili imemwagika, dakika chache za kuwasha zinaweza kuua injini ambayo ajali ilikuwa imeiacha nzima. Na hiyo injini ndiyo kitu ghali zaidi umebaki nayo. Toa waya ya betri, basi.

Ripoti polisi upate abstract. Ukiwa na bima, waambie mapema, hata kabla gari iguswe na fundi. Na mtu wa gari la kuvuta asikuchagulie gereji. Uliza bei ya kuvuta na bei ya kulala yadi kabla ndoano ishike gari yako.

MIFUPA: HAPA NDIPO KESI NYINGI HUISHIA

Hilux iko na chasisi kando, ile ngazi ya chuma chini, na body imekalishwa juu yake. Probox, Vitz, Fielder, Premio na ndogo zingine zote haziko hivyo. Body yenyewe ndiyo chasisi. Paa, nguzo za milango, sakafu, na ile mikono miwili ya chuma inashika injini mbele, zote ni kitu kimoja. Ikipinda mahali moja, nguvu imesafiri mpaka kwingine ambapo hauoni.

Pia jua hii: mbele ya gari imetengenezwa ipondeke. Inakunjika ndio wewe usikunjike. So mbele kupondwa peke yake si kifo. Bampa, taa, boneti, fenda, rejeta na ile fremu inashika rejeta, mingi ya hizo zinafungwa kwa bolti ama zinabadilishwa bila kugusa mifupa. Uso unaweza kukaa kama chapati na mifupa iko sawa. Na pia gari inaweza kukaa "kidogo tu imeguswa" kumbe mgongo umevunjika.

Vipimo unaweza fanya mwenyewe na tepu ya fundi wa mbao:

*Milango.* Fungua na ufunge yote minne na ule wa nyuma. Inagoma? Unainua ndio ufunge? Hiyo nguzo imesonga. Angalia pia pengo kati ya mlango na fenda: juu na chini linafaa kutoshana.

*Msalaba wa boneti.* Chagua shimo mbili za bolti upande wa kushoto, mbele na nyuma, na zile zinafanana upande wa kulia. Pima kona kwa kona, uchore X. Mistari miwili inafaa kutoshana. Tofauti ya milimita chache, sawa. Ikiwa ni sentimita na zaidi, mbele imeenda kando.

*Gurudumu kwa gurudumu.* Usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto na kulia. Kama upande mmoja ni mfupi sana, gurudumu limerudi nyuma. Inaweza kuwa ni mkono wa chini tu umepinda, na huo unabadilishwa. Inaweza pia kuwa ni body, na hiyo ni story ingine.

*Kofia ya shoki.* Pale juu shoki ya mbele inashikwa. Ukiona chuma imekunjamana, rangi imepasuka ama welding mpya, simama hapo.

*Sakafu, nguzo na paa.* Inua kapeti. Sakafu ikiwa na mawimbi, ama paa imekunjika juu ya mlango, nguvu ya ajali ilipita katikati ya gari, pale watu hukaa.

Tatu za mwisho zikiwa mbaya, jibu langu ni moja: hiyo moti isirudi barabarani. Kuna mafundi wa kukata gari mbili na kuunganisha, mbele ya hii na nyuma ya ile. Ikipigwa rangi inang'aa. Lakini chuma ya nguzo za kisasa ni ngumu kwa sababu ya venye ilitengenezwa kiwandani, na ukiichoma na moto mwingi inapoteza huo ugumu. Hautajua mpaka ajali ya pili. Na hii barabara yetu ya trela za miwa, ajali ya pili si hadithi.

ENEO LA KUPIGWA: MIFUKO YA HEWA

Eabagi, ile mifuko ya hewa, ikifunguka imeisha. Hairudishwi ndani kama shati kwa sanduku. Inabadilishwa pamoja na kompyuta yake, na mara nyingi mikanda ya mbele pia, juu mingi iko na baruti ndogo inavuta mkanda ukigongwa, na ikishalipuka mara moja imemaliza kazi.

Hapa ndipo bei huruka, na hapa ndipo watu hudanganywa. Kifuniko kinagundishwa, ndani hakuna kitu, na taa ya onyo inazimwa. Ukiwasha gari, ile taa ya eabagi inafaa iwake kidogo halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Kama hesabu yako ya kutengeneza haina eabagi na mikanda na zilikuwa zimefunguka, hiyo si hesabu. Umepunguza bei kwa kutoa uhai wa abiria.

HESABU: TOA KALAMU

Sasa tuseme mifupa iko kati na kati, inaweza nyooshwa na fundi wa ukweli. Tunapiga hesabu. Namba ziko hapa ni za mfano tu, weka zako.

Kabla ya ajali gari ingeuzwa 600,000. Ikishatengenezwa, mnunuzi mjanja ataona imewahi kugongwa, atakupa 450,000. Hiyo ndiyo namba yako, si ile ya zamani. Watu wengi wanatengeneza gari wakiwaza bei ya jana.

*Njia ya kwanza: kutengeneza.* Fundi amesema 260,000. Ongeza 70,000 ya vitu zitaonekana gari ikishafunguliwa, juu lazima zionekane. Hiyo ni 330,000 kutoka mfukoni. Kama moti ilikuwa inaleta 1,500 kwa siku na itakaa gereji siku 45, umepoteza 67,500 ingine. Jumla 397,500. Umetumia 397,500 kupata kitu ya 450,000. Umebaki na 52,500.

*Njia ya pili: kuuza venye iko.* Broka amesema 150,000 leo, cash.

*Njia ya tatu: kuchinja.* Tuseme injini 80,000, giaboksi 35,000, milango na taa za nyuma 40,000, rimu na tairi 24,000, viti 12,000, ekseli na shoki za nyuma 15,000, alteneta, stata, kompyuta na vioo 25,000, na chuma inabaki 9,000. Jumla 240,000. Toa 35,000 ya fundi wa kufungua, pahali pa kuweka, na usafiri. Umebaki na 205,000.

Kwa karatasi, kuchinja kumeshinda. Lakini ngoja. Hiyo 205,000 haiji siku moja. Injini itaenda wiki hii, viti vitakaa kwa sebule ya mathe mpaka Krismasi. Kama theluthi moja ya vitu itakosa mnunuzi, utaingiza 160,000, utoe zile 35,000, unabaki na 125,000. Sasa broka wa 150,000 amekushinda, na yeye alikulipa siku ya kwanza.

So kuchinja ni biashara, si njia ya mkato. Inafaa mtu ako na pahali salama pa kuweka vitu, anajua mafundi wa kutosha Webuye, Kimilili, Bungoma na Kitale, na hana haraka ya doo. Kama hauna hizo tatu, unafanyia broka kazi bila kujua.

Pia angalia ni gari gani. Probox ya 1.5 iko na injini ya 1NZ-FE, na hiyo injini iko pia kwa Succeed, Fielder, Axio, Allion na zingine nyingi za Toyota. Wateja ni wengi. Ukiwa na moti ya kipekee yenye iko mbili tu kaunti nzima, injini yake inaweza kuwa nzima na bado ikose mtu wa kuinunua.

Na kama unataka kubaki na gari, si kuuza? Fanya hivi. Chukua zile 330,000 ungempa fundi, ongeza 150,000 za broka. Hiyo ni 480,000. Enda sokoni uulize: 480,000 inanipatia gari gani yenye haijawahi kugongwa? Ikiwa unapata inayofanya kazi ile ile, hauna sababu ya kufufua maiti.

Sasa geuza kesi. Mbele imepondwa lakini mifupa imenyooka, eabagi hazikufunguka. Fundi anasema 110,000, weka 20,000 ya vitu za kujitokeza, siku 15 gereji ni 22,500. Jumla 152,500, na gari itauzwa 520,000 juu haikuguswa mifupa. Umebaki na 367,500. Hapo hakuna mjadala, tengeneza. Broka akikwambia "hii imekufa, chief," anajua vizuri haijakufa. Ndio maana anaitaka.

Sheria yangu ndogo: kama hauna pesa yote ya kutengeneza mkononi ama imehakikishwa, usianze. Gari imefunguliwa nusu iko chini ya bei kuliko gari imegongwa na haijaguswa. Zile nyasi kwa rimu ndipo huanzia.

BIMA: USIKAE UKINGOJA PESA HAIJI

Wasee wengi wako na bima ya thadi pati, juu ndiyo sheria inalazimisha, Sura ya 405. Hiyo inashughulikia mtu mwingine uliyemuumiza. Moti yako mwenyewe haikuhusu. Ukiwa umegongwa na mwingine na makosa ni yake, unaweza fuata bima yake ama yeye mwenyewe, na hapo abstract na zile picha ndizo silaha yako.

Ukiwa na bima kamili, mkaguzi wa bima atakuja kuangalia. Gharama ya kutengeneza ikipita kiwango fulani cha thamani ya gari, wanasema imeisha na wanakulipa thamani, wakitoa ile sehemu yako ya kubeba. Kiwango kimeandikwa kwa mkataba wako, soma. Uliza pia swali moja: mabaki yanabaki kwa nani? Kwa kawaida ni ya kampuni, lakini unaweza kubaki nayo na wakukate bei yake. Usianze kuchinja kabla hilo lijibiwe, juu unaweza kuwa unauza mali si yako.

MAKARATASI: HAPA NDIPO SHIDA HULALA

Kama gari ilinunuliwa kwa mkopo na jina la mkopeshaji liko kwa logbook pamoja na lako, hauezi kuchinja wala kuuza bila yeye kukubali. Deni halikufa na gari.

Ukiuza nzima, fanya transfer kwa akaunti ya NTSA kupitia eCitizen, usiridhike na makubaliano ya karatasi ya zoezi. Traffic Act, Sura ya 403, inamhesabu mtu ameandikishwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Kesho hiyo gari ikifufuliwa na kuua mtu Eldoret, jina lako ndilo linatafutwa.

Ukichinja, logbook na namba pleti visiende kwa mtu yeyote. Kuna mtu atakuja kununua mabaki kwa bei tamu ajabu, na kumbe hataki chuma. Anataka logbook, pleti na kile kipande kimeandikwa namba ya chasisi, ndio avishe gari ya wizi. Rudisha logbook na pleti NTSA gari iondolewe kwa rejista. Kila spea ukiuza, andika risiti: tarehe, kitu gani, namba ya injini kama ni injini, jina na kitambulisho cha mnunuzi. Hiyo risiti inamlinda pia yeye.

Na ile chuma ya mwisho usiuzie mtu wa mkokoteni gizani. Biashara ya vyuma chakavu iko na sheria yake tangu 2015, na mnunuzi anafaa kuwa na leseni. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya chuma chakavu baada ya milingoti ya stima kuibiwa vyuma. Tangu hapo maswali ya "hii chuma umetoa wapi" yameongezeka. Kuwa na jibu.

SO, UNAAMUA NINI?

Nguzo, sakafu ama paa imepinda: usitengeneze. Uza ama chinja.

Mifupa imenyooka na pesa yote iko: tengeneza, weka eabagi na mikanda, usinunue filla nyingi kuliko chuma.

Mifupa iko kati na kati: hesabu iamue, kwa bei ya gari ikishagongwa, si ile ya zamani.

Hauna pesa, hauna pahali pa kuweka, hauna muda: uza venye iko wiki hii, kabla mvua na mikono ya watu ianze kuichinja bila ruhusa yako.

Halafu kuna mtu mmoja hayuko kwa hiyo hesabu yote. Ni yule mama atasimamisha Probox stage ya Misikhu asubuhi akienda Hospitali ya Friends Lugulu na mtoto mgongoni. Yeye hatapima msalaba wa boneti wala kuinua kapeti. Ataona rangi inang'aa, ataingia, atakaa nyuma. Anachukulia kuwa kuna mtu tayari alipima. Huyo mtu ni wewe.